Mbuzi ya kukunja: ikague chuma kabla hujailipia

Zikipangwa dukani, mbuzi za nazi zote huonekana ndugu: vipande viwili vya mbao vilivyopishana, pa kukalia, na chuma chenye meno kimetokeza mbele. Siku ya kwanza ya kukuna ndipo zinapoachana. Kwa nyumba inayopika wali wa nazi au mchuzi wa samaki mara mbili tatu kwa wiki, na inayopokea wageni bila kualika, mbuzi ya kukunja ya mbao ngumu bado haijapata mshindani kwa ubora wa tui. Lakini sifa hiyo ina sharti: chuma kiwe kizuri, na nyingi zinazouzwa sasa zina mbao za kupendeza na chuma cha ovyo.

Basi anza na chuma, mbao zitafuata. Kandamiza ncha yake kwa kidole gumba. Ikipinda hata kidogo, hilo ni bati, nalo litacheza kila unapokaza mkono, na machicha yatatoka manene upande mmoja na membamba upande wa pili. Chuma cha milimita mbili au tatu hakitikisiki. Kisha tazama meno. Yanatakiwa yawe madogo, yaliyokaribiana, yenye urefu mmoja, na yazunguke ukingo wote wa mbele hadi kwenye mabega, kwa sababu kifuu ni cha mviringo na mabega ndiyo yanayofika pembeni. Meno makubwa yaliyoachana huchana nazi kuwa vipande kama vya karoti. Vinapendeza machoni, ila tui hubaki humo ndani hata ukamue hadi vidole viume. Machicha laini ndiyo yanayoachia tui, na hapo ndipo mbuzi nzuri inapolipa bei yake.

Chuma cha kawaida hushika kutu. Kisichoshika kutu ni ghali zaidi na mara nyingi meno yake si makali. Kati ya hivyo viwili, cha kawaida chenye meno makali ndicho cha kuchukua, maana kutu ina dawa. Meno butu ya chuma kigumu yanahitaji fundi, wakati ya chuma cha kawaida unayanoa mwenyewe kwa tupa ndogo ya pembetatu, pigo mbili tatu kila pengo.

Angalia pia kilivyofungwa. Misumari miwili peke yake italegea, hasa kwenye mbao laini ambazo hunywa maji kila mbuzi inapooshwa, zikavimba, zikakauka, na matundu yakapanuka. Skrubu au ribiti tatu zinazopita hadi upande wa pili ndizo za kuaminika. Mbao ziwe mninga, mvule au msaji. Paina ni nyepesi kubeba lakini hupasuka penye kiungo cha kukunja, na kiungo kikipasuka hakiungiki.

Usione haya kuikalia hapo hapo dukani. Miguu yote minne iguse sakafu. Chuma kikiwa mbele yako, chini yake paingie bakuli au sinia la kina bila kugusa meno, na mikono yako ifike bila kuinama sana. Nyingi zimetengenezwa fupi mno kwa mtu mrefu, na anayezitumia huishia kulalamikia kiuno.

Mbuzi nzuri haiokoi nazi mbaya. Koroma, yaani nazi isiyokomaa sawasawa, huteleza kwenye meno na tui lake ni maji matupu. Joya, nazi iliyoharibika ndani, haifai kitu. Chagua nazi nzito inayosikika maji ukiitikisa, yenye macho makavu yasiyo na ukungu. Ipige kwa mgongo wa panga katikati, ukiizungusha kila pigo, na itafunguka vipande viwili sawa. Ukipiga pa kichwa utapata kipande kikubwa na kidogo, na kile kidogo hakishikiki. Kinga maji yake kwenye kikombe na uyaonje kabla hujakuna. Wanaosema nazi mbovu harabu ya nzima hawakuwa wanatunga methali tu: nusu moja iliyoingia harufu ikichanganyika kwenye sinia, sinia zima limekwenda.

Unapokuna, zungusha kifuu kila mara badala ya kuchimba mahali pamoja, na acha unapoona rangi ya kahawia. Ngozi ile ya ndani haidhuru mtu, ila hutia tui rangi ya kijivujivu, na wali wa wageni unatakiwa uwe mweupe. Mkono uliozoea humaliza nazi moja kwa dakika tano hivi. Usiozoea huchukua robo saa na huacha nyama nyingi kwenye kifuu.

Kwa kilo moja ya mchele, nazi mbili zinatosha. Mimina kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu juu ya machicha, fikicha kwa vidole kama dakika mbili, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi: hilo ni tui zito, liweke kando. Rudia kwa maji vikombe sita kwa jumla, ukiyagawa mara mbili au tatu, upate tui jepesi. Uvuguvugu si urembo. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo anayepika Arusha au Nairobi mwezi wa Julai kwa maji ya bomba atakamua maji meupe huku mafuta yamebaki kwenye machicha, kisha atailaumu mbuzi. Mchele hupikwa kwa tui jepesi lenye chumvi. Likikaribia kukauka ndipo tui zito linaingia, unageuza mara moja, unafunika na kupalia makaa. Tui zito likitiwa mwanzo na kuachwa lichemke kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea na wali ukashika chini.

Washindani wa mbuzi ni wanne. Mashine ya sokoni inakuna nazi huku unasubiri chenji, na kwa shughuli ya nazi thelathini hakuna sababu ya kumkalisha mtu juu ya mbuzi. Kasoro yake ni kwamba haijui pa kukoma, ngozi ya kahawia huingia yote, na kichwa chake huweza kufanya kazi toka asubuhi bila kuoshwa. Omba kisuuzwe. Na nazi hiyo ipikwe siku hiyo hiyo, kwani kwa joto la pwani jioni itakuwa imechacha.

Blenda inafaa ukikubali kuing'oa nyama kwenye kifuu na kuimenya ngozi kwanza, kazi ambayo watu husahau kuihesabu. Kata vipande vidogo kama ncha ya kidole, tia maji ya uvuguvugu hadi yafunike, saga kwa vipindi vifupi mota isipate moto. Tumia kitambaa kuchuja, si chujio la chai, la sivyo unga wa nazi utapita na mchuzi utakuwa na chengachenga.

Ile ya kuzungusha kwa mkono, inayobanwa mezani, ndiyo ya kumnunulia bibi mwenye magoti mabovu. Chagua ya kubana kwa skrubu. Ya kunyonya kwa mpira hung'ang'ania marumaru laini peke yake. Kwenye mbao au vigae vyenye mistari huchomoka katikati ya kazi.

Tui la boksi halikatiki kirahisi kwa sababu lina viungio vya kulishikilia, na kwa maharage ya siku ya kazi linatosha kabisa. La unga lisome pakiti: mengi yana protini ya maziwa, na mgeni asiyetumia maziwa anastahili kuambiwa.

Matunzo hayana siri. Osha chuma mara tu ukimaliza, kwa brashi, kabla nazi haijakaukia kwenye meno, mbao zisilowekwe. Futa, kausha, paka tone la mafuta ya nazi. Kutu ikitokea isugue kwa msasa, kisha ukune kipande kimoja cha nazi na ukitupe kabla ya kukuna ya kupikia. Machicha wape kuku, na makumbi yatandaze shinani mwa migomba au mchicha yashike unyevu.

Jambo moja mafundi bado hawajalitatua: mbuzi ikikunjwa, meno hubaki yametokeza nje, tayari kuchana mguu wa mtoto anayepita. Kipande cha kumbi kikichomekwa kwenye meno hufanya kazi kuliko kitambaa, maana hakitelezi. Kisha itundike ukutani, meno yakielekea juu ya kabati na si mlangoni.