Taa za gari zilizofubaa: kipi ununue, kipi ukiache dukani

IST, Passo, Premio, Noah: nyingi ya gari hizi zinashuka bandarini zikiwa zimeshatumika Japani miaka mingi, na taa zake za mbele zimeshaanza umanjano. Ukiilaza juani Dar au Mombasa mwaka mmoja au miwili, jua linamalizia. Usiku unawasha taa kubwa na barabara bado giza. Unadhani balbu imechoka, unanunua nyingine, hali ni ile ile.

Kabla ya kutoa hela, fanya jaribio hili la bure: mwagia taa maji. Ikiwa inaonekana safi ikiwa mbichi, halafu inarudi kuwa na ukungu ikikauka, ugonjwa uko nje na unatibika. Ikibaki na ukungu hata ikiwa na maji, tatizo liko ndani, au plastiki yenyewe imepasuka vijistari. Hapo msasa hausaidii, ruka mpaka namba tatu.

Uso wa taa tunauita kioo, lakini ni plastiki, polikaboneti. Ni ngumu kupasuka ila haiwezi jua, ndiyo maana kiwandani huvishwa ngozi nyembamba ya kinga. Jua huila ngozi hiyo kwanza, na ule umanjano unaouona ni mabaki yake. Kila dawa inayong'arisha taa inang'arisha kwa kuikwangua au kuiyeyusha ngozi hiyo. Kwa hiyo siku ya kwanza njia zote zinapendeza. Nimezipanga hasa kwa swali moja: baada ya kukwangua, kinga mpya inatoka wapi?

1. Msasa wa maji na klia ya hadina

Klia ni rangi angavu ya kumalizia, na hadina ni dawa ya kuigandisha iwe ngumu. Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na vitu vyake vipo kwenye duka lolote la rangi za magari. Nunua msasa wa maji namba 600, 800 na 1000, karatasi moja moja, na tepu ya karatasi ya kuziba bodi isikwaruzwe. Anza na 600, kwangua taa ikiwa na maji ya sabuni. Maji yatatoka meupe au ya manjano, hiyo ni ngozi ya zamani inatoka. Usihamie namba nyingine mpaka taa nzima ifanane, maana mabaka ukiyaacha yataonekana chini ya klia. Ukimaliza itatisha kuitazama, nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Usihofu. Usinunue 2000 wala 3000 kwa njia hii, kwa sababu klia inahitaji mikwaruzo midogo ya kushikia, na yenyewe ndiyo inayoijaza.

Kupiga klia mwachie fundi rangi. Klia inayochanganywa na hadina hukauka ngumu na hudumu kuliko ile ya kopo la kupuliza, lakini moshi wake ni sumu kwa mapafu na unataka barakoa ya kemikali, siyo ya kitambaa. Mweleze mambo mawili. Kwanza, asifute taa kwa tina (ya kuyeyushia rangi) wala petroli, vinapasua polikaboneti. Maji ya sabuni na spiriti safi vinatosha. Pili, mkono wa kwanza aupige mwepesi sana, kama umande. Nimeona taa nzuri ikiharibika kwa dakika moja kwa sababu ya kitambaa chenye tina.

2. Boksi la kusafishia taa

Haya ni maboksi ya kampuni kama Sylvania, 3M au Cerakote. Yanamfaa anayetaka kufanya mwenyewe nyumbani bila mashine. Geuza boksi usome: kama ndani hamna chupa, pakiti au kitambaa cha kinga dhidi ya miale ya jua, umeuziwa msasa na polishi kwa bei ya juu. Kinga ya namna hii ni nyembamba kuliko klia ya fundi, kwa hiyo panga kurudia.

3. Kubadilisha taa nzima

AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima jambo hili mwaka 2018. Taa zilizochakaa zilitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilizosafishwa zilifika asilimia 70 hivi. Taa mpya za kuiga zilikuwa kati ya 83 na 90, na taa halisi za kiwanda zilirudisha mwanga wote. Kwa mwanga peke yake, basi, hii ndiyo ya kwanza. Kilichoishusha ni bei.

Ukitafuta taa za mtumba Gerezani, Dar, tazama jina lililochapwa kwenye plastiki, kama Koito au Stanley, na namba iliyo chini yake ifanane na ya taa yako ya zamani. Kagua ndani kama kioo cha fedha kinachorudisha mwanga hakijaungua. Hakikisha pia ni taa ya nchi zinazopita kushoto kama Japani, Tanzania, Kenya na Uganda. Ya nchi za kupita kulia inammulika machoni dereva anayekuja.

4. Polishi au kampaundi peke yake

Inafaa kwa taa iliyoanza tu kufubaa, au gari linalolala kwenye banda. Haina kinga.

5. Dawa ya meno

Inasugua kidogo, ukungu unarudi mapema.

Viwili sitaki uvinunue kabisa. Dawa ya mbu ya kupaka inang'arisha kwa sababu inayeyusha uso wa plastiki, na itadondokea rangi ya bodi. Kile kikombe cha umeme kinachofukiza taa kwa mvuke kinafanya kazi ileile ya kuyeyusha, tena kwa mvuke wa sumu unaouvuta ukiwa umeinama juu yake.

Taa zikishatengenezwa, usizifungie balbu za wati 100 ilhali za kiwanda ni 60/55 (60 mwanga wa juu, 55 wa chini), joto lake linaichoma taa kwa ndani. Kisha simamisha gari mbele ya ukuta usiku, uwashe taa za mbele kwa mwanga wa chini (dim), na umwambie fundi ashushe ile inayopanda juu kuliko mwenzake.