Treni ya mezani ya HO hapa Mtwara: kichwa safi, reli hovyo

Aisee wana Mtwara kuchele, hii treni nimekaa nayo miezi minne ndo naiongelea, maana ningeandika wiki ile ya kwanza ningeisifia mwanzo mwisho na ningewaponza.

Ni seti ya kuanzia, saizi ya HO, yaani treni halisi imepunguzwa mara 87. Kwenye boksi kuna kichwa cha dizeli, mabehewa matatu ya mizigo, reli za kona 12, mbili za kunyooka, adapta na kontrola ya kuzungusha. Nililipa laki tatu na kumi pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi kutoka Dar, hela ya korosho hiyo, mama watoto aliuliza mara moja tu akanyamaza na mimi nikajua maana yake. Jina la duka sitaji.

Kichwa ndo kilichonifanya nisirudishe. Kizito, ukikishika unajua kuna chuma ndani sio plastiki tupu, na kinapokea umeme kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma kwahiyo kikipita kwenye kiungo kibovu bado mguu mmoja unakuwa umeshika. Kinavuta yale matatu bila kulalamika. Kontrola ya kawaida tu, ukizungusha kidogo haiondoki, ukiongeza tena inaruka kama bodaboda ya mwanafunzi.

Sasa njoo kwenye reli. Mi nakaa Shangani, bahari ipo pale, dirisha likikaa wazi usiku asubuhi unakuta kitasa kina utelezi wa chumvi. Mvua zilivyoanza, wiki ya tatu hivi, treni ikawa inafika kona ya mbali inapunguza, inakohoa, inasimama, unaisukuma na kidole inaenda. Nikachukua kitambaa cheupe nikakitia spiriti nikapitisha juu ya reli, kikatoka na mstari mweusi ule wa kawaida, hilo sikushangaa maana reli zote huwa zinachafuka, ila pembeni ya weusi kukawa na rangi ya udongo. Kutu! Nikatoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio nikaisogeza, ikanata pwaa. Muuzaji aliniapia ni nikeli-silva. Nikeli-silva (ambayo silva yenyewe haimo, ni shaba, zinki na nikeli) hainasi sumaku na haipati kutu, kwahiyo pale nilishajua nimepigwa. Mkienda dukani nendeni na sumaku mfukoni, muuzaji akikasirika shauri yake.

Nikaenda kwa fundi redio, alicheka kwanza. Akaja na mita yake, karibu na waya wa kontrola akapata volti 12, kona ya mbali 8 na kitu. Akaniambia, "Kaka, umeme wako unaliwa njiani, kila kiungo kinakata chake." Maana reli moja ndo chanya nyingine hasi, na umeme wote unapita kwenye vile vibati vya kuungia, vikilegea au vikishika kutu basi. Akavuta waya mbili chini ya plaiwudi akazichomelea kwa risasi upande wa pili wa mzunguko, elfu nane tu, na treni ikatembea sawasawa kona zote. Hiyo fanyeni hata kama reli zenu ni nzuri.

Na kwa wale wataalamu wa kuchomeka betri ya bodaboda umeme ukikatika, nilijaribu, inatembea vizuri tu, ila betri haina huruma, treni ikianguka ikalala juu ya reli zote mbili ni shoti na waya unaanza kunuka. Wekeni fyuzi ndogo ya ampea moja, mimi niliweka baada ya kuunguza kidole.

Babu mzaa mama alivyokuja kutoka Nachingwea alikaa kwenye kiti akaiangalia kama nusu saa. Yeye utotoni aliiona ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, mradi wenyewe ulianza 1947 ukafa 1951, reli ikaja kung'olewa baadae. Akauliza, "Mjukuu wangu, hii inaenda wapi?" Nikamwambia inazunguka tu babu. "Basi ni ile ile."

Ila kitaalamu sio ile ile kabisa, maana HO upana wa reli ni milimita 16.5, ukizidisha mara 87 unapata 1435, ambayo ndo SGR ya Dar mpaka Dodoma. Ya babu ilikuwa ya mita moja, ukitaka ya hivyo kwa saizi hii unatafuta reli za milimita 12, na mi sijaziona hata Kariakoo.

Kichwa na mabehewa nawapa nne kwa tano, reli moja, na hiyo moja ni kwa sababu zimekuja zimenyooka. Ukikaa Masasi au Newala huko juu labda zitakuvumilia, huku pwani usijisumbue. Nimeshaagiza kona 12 za nikeli-silva kwa mtu mwingine, nimemwambia kabla hajafunga mzigo aweke sumaku juu yake anipigie video.