Krismasi ya Doctor Who imeniudhi: Joy hakustahili kugeuzwa taa

Nilitaka kuanza na matusi, nimejizuia. "Joy to the World", kipindi maalumu cha Krismasi cha mwaka 2024 cha Doctor Who, tamthilia ya Uingereza kuhusu Daktari anayesafiri katika wakati na anga, kiliniachia hasira ambayo hadi leo haijapoa.

Na msidhani nilikaa kutafuta kasoro. Tangu Ncuti Gatwa apewe nafasi ya Daktari, mimi nimekuwa mtu wa kujipiga kifua mbele za watu. Mtoto aliyezaliwa Rwanda, familia ikakimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari, halafu akawa steling wa kipindi ambacho Waingereza wanakitazama tangu 1963! Siku ile nyumbani kwangu hakuna aliyeruhusiwa kugusa rimoti.

Hoteli ya Wakati yenye milango ya kukupeleka zama nyingine, dainosaria anayemeza brifkesi, hayo yote ni mbwembwe za sikukuu, sina neno nayo. Watu wameshiba, wanataka kucheka. Ugomvi wangu ni mmoja tu: walivyomfanya Joy.

Joy, anayeigizwa na Nicola Coughlan, anakodi chumba kibovu cha hoteli London, Krismasi, peke yake. Kwa nini? Hatuambiwi, mpaka Daktari anapomchokoza makusudi ili hasira zake zivunje nguvu ya ile brifkesi iliyomteka akili. Hapo ndipo yanamtoka. Mama yake alifia hospitalini Krismasi ya 2020, korona imepamba moto, na yeye kwa kutii kanuni akamuaga kupitia kishikwambi. Wakati huohuo waliotunga kanuni walikuwa kwenye pati na divai yao. Aliyekuwepo Uingereza kipindi kile hahitaji kutajiwa kwamba ni nyumba ya waziri mkuu.

Nilinyamaza kimya. Wengine wetu tumezika wazazi kwa WhatsApp: ndugu ameshika simu makaburini, mtandao unakata, ukirudi jeneza limeshashuka.

Sasa ukishamfumua mtu kidonda namna hiyo, si umfunge? Wao wakachukua mbegu ya nyota iliyokuwa kwenye brifkesi, mali ya kampuni ya silaha, wakamtia Joy mwilini. Joy anatabasamu, anawaka, anapaa, anakuwa nyota. Tena si nyota hivi hivi. Nyota ya Bethlehemu! Ile ya mamajusi! Muziki unapanda, mama mtu, kule nyuma 2020, kitandani anaiona, sote tulie, amina.

Hebu tuiseme bila muziki. Mwanamke mpweke, mfiwa, anakufa siku ya Krismasi, na tunaambiwa huo ndio mwisho mwema. Daktari anahangaika kidogo, kisha anatulizwa kwa maneno matamu. Hakuna aliyemshika mkono akamwambia, dada, keti kwanza, tuongee. Binti wa dada yangu, ambaye kipindi hiki kwake ni kama dini, akaniambia, "Mjomba, hajafa, amekuwa nyota." Nikamjibu, "Mwanangu, hata babu yako walituambia amekuwa nyota. Mbona simu hapokei?"

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hawa watu wanajua kazi. Katikati humo kuna kipande ambacho Daktari anakwama mwaka mzima kwenye kihoteli kile cha London, hana TARDIS, chombo chake cha kusafiria wakati na anga, anafanya kazi za hoteli na Anita, dada wa mapokezi, anayeigizwa na Steph de Whalley. Hakuna zimwi wala mlipuko. Wawili hao wanatenga usiku wao wa kukaa kwenye viti na kupiga soga, na Daktari anakuja kubaini kwamba kwenye TARDIS yake hakuna hata kiti. Jamani! Karne kwa karne anazunguka ulimwengu, mgeni akija anakaa wapi? Siku ya kuagana ilipofika nilijifanya natafuta chaja chini ya meza. Kwa kipande hicho peke yake ningetoa nyota tano na chenji nisidai.

Halafu wakanirudisha kwa Joy na mataa yake. Aliyeandika mwaka wa Anita ndiye huyohuyo aliyeandika Bethlehemu, ndiyo maana siwezi kusema hajui. Anajua fika kwamba mpweke anahitaji mtu wa kukaa naye, kwa sababu ametuonyesha. Daktari akapata mtu, Joy akapewa anga.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nikivikumbuka vile viti, nikafuta, nikaweka tatu. Nimeurudia mwisho juzi nikiwa nimetulia, nikidhani labda zilikuwa jazba za sikukuu. Wapi! Mbili. Na hiyo ya pili ni ya Anita, ambaye mwishoni wanamtafutia kazi Hoteli ya Wakati, kama vile mwaka mzima alikuwa analilia ajira.