Bata wa plastiki wa kufunzia mbwa wa usasi, nimewapa saba kwa kumi

Kwa wasasi wenzangu wa kusini Unguja, lile boksi la bata wa bandia linalouzwa Darajani kwa 85,000 nshalitumia, na alama zake kwangu ni saba kwa kumi. Zile tatu zimeondoka zaidi kwa kitu ambacho alotengeneza hakukiwaza hata kidogo, mate ya mbwa.

Ndani unakuta bata sita wa plastiki ngumu, kila mmoja na kamba yake na chubwi ya kumshikilia asichukuliwe na maji, filimbi, na vigogo viwili vya turubai vya kurusha. Juu ya boksi kuna picha ya mbwa wa kizungu, labrado, ndani ya ziwa lenye barafu, sasa hiyo msiihangaikie.

Kitu cha mwanzo kuelewa, bata hawa si wa mbwa kuwaleta. Kule wanakowindia bata wanawaelesha majini ili ndege wa kweli wakiwaona wadhani wenzao washatua nao washuke, sasa mbwa asofunzwa ukimtuma akalete ndege alopigwa anakurudia na plastiki mdomoni, kamba na chubwi inaburura nyuma. Kwa hivo unaanza nchi kavu, unawapanga bata chini, mbwa umemtia kamba unampitisha katikati yao, akinyoosha pua tu "wacha!", akiwapita msifu, halafu unarusha kigogo upande wa pili wa bata unamtuma alete. Akishazoea ndo unamtia maji ya magoti. Mie naenda bondeni Cheju mpunga ukishavunwa, kabla ya hapo wenye mipunga watakutoa mbio na mbwa wako.

Hapo kwenye maji kuna kasoro, kamba ni ndefu mno kwa maji yetu, inamzonga mbwa miguu akaingia woga. Ifupisheni kabla hamjaanza.

Halafu plastiki inanuka plastiki, na mbwa wetu hawa wanafanya kazi kwa pua. Kwenye kigogo fungeni manyoya ya kanga kwa mpira wa tyubu, mbwa anabadilika kabisa. Ya kuku msithubutu, mtalipa kuku wa mtaa mzima.

Sasa hayo mate. Sie Waislamu tunajua, mbwa akishatia mdomo ni kuosha mara saba na moja kwa udongo. Bata wa plastiki hana tabu, unamsugua udongo unamiminia maji kashatakata. Lakini turubai linafyonza, na pamba ya ndani nayo inafyonza, udongo ukiingia kwenye ushono hautoki, na masika hii kigogo hakikauki hata ukianike wapi. Nimeishia kukishika kwa glavu za mpira. Wangeweka cha plastiki ningewapa tisa bila kusita.

Wasasi wa nguruwe mtauliza, sie tunataka bata wa nini? Bata hamuwataki kweli, ila hilo "wacha" mnalitaka. Mbwa akiingia msituni hajui kama huyu ni nguruwe anayemaliza mihogo ya watu na yule ni paa nunga mnyama wa kulindwa, yeye anaona kitu kinakimbia basi, mkimwita asiporudi mmeingia matatani. Na hata kwa wenye vibali wanaotafuta kanga, masharti ya mbwa aliyefunzwa, ili anachokamata kiwe halali, tumeyasoma chuo cha Kurani, akitumwa aende, akikatazwa asimame, akikamata asile. Mafunzo haya yanagusa yote matatu, ingawa la kutokula bata wa plastiki hawalipimi, nani ale plastiki.

Nimemuuliza muuzaji kama anaweza kuniuzia bata peke yao bila vile vigogo, kasema boksi halivunjwi. Filimbi ni nzuri, inasikika mbali, ila ificheni, yangu watoto washaichukua.