Android au iPhone kwa mtu wa Mbeya: tazama laini na betri kabla ya kamera

Kwenye maduka ya simu ya Mwanjelwa ubishi wa Android na iPhone huishia kwenye kamera na hadhi. Kinachomuudhi mtu baada ya wiki mbili ni kingine, na mara nyingi ni laini.

Anayezunguka kati ya mjini, Uyole na vijiji vya Rungwe anahitaji mitandao miwili, maana kilima kimoja hukata huu na kuuacha ule. Tecno, Infinix, itel na Samsung nyingi za bei nafuu hubeba laini mbili za plastiki, na nyingi hupokea na memori kadi. iPhone haina nafasi ya memori kadi, na kwa kawaida ina tundu la laini moja. Laini ya pili, kuanzia XS na XR za 2018, ni eSIM, yaani laini isiyo ya plastiki, iliyojengwa ndani ya simu. Waangalifu wawe wanunuzi wa mtumba: iPhone 14 iliyotengenezwa kwa soko la Marekani haina tundu la laini kabisa. Pitisha kidole pembeni mwa simu. Usipolikuta, ulizia eSIM kwenye duka la mtandao wako kabla ya kulipa. Kwa miamala hakuna tofauti: *150*00# ya M-Pesa hufanya kazi kote kuwili.

Halafu kuna baridi ya Juni na Julai. Betri ya lithiamu ikipoa, ukinzani wa ndani hupanda. Ukifungua kamera, volti huporomoka na simu huzima huku ikionyesha asilimia 20. Hili halichagui mfumo, ila iPhone za mtumba huumbuka zaidi kwa kuwa betri zake zimechoka. Apple yenyewe inashauri simu itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35, na asubuhi za Kitulo zenye sakitu zinagusa mpaka huo. Kwenye iPhone fungua mipangilio, sehemu ya betri, usome afya yake. Ikiwa chini ya asilimia 80, ondoa gharama ya betri kwenye bei. Shambani iweke mfuko wa ndani, na usiipashe moto jikoni.

Kwa chaji ya siku nzima, Android za bei ya chini zina faida ya wazi: betri ya 5,000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri) ni jambo la kawaida, wakati iPhone 11 ina 3,110 tu. Nyingi zina na redio ya FM, ambayo iPhone haina. Unachomeka spika za masikioni ziwe antena, unasikiliza taarifa bila kugusa bando.

iPhone inashinda kwenye umri. XS ya 2018 ilipata mfumo wa iOS 18 mwaka 2024. Android nyingi za bei ya chini hupata masasisho machache tu, ingawa Samsung iliiahidi Galaxy A16 miaka 6. Android yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 2 tusingeinunua kwa bei yoyote: WhatsApp na kamera zikifunguka pamoja, inaganda. Anzia GB 4.

Kuhama kunahitaji utulivu. Android huhifadhi WhatsApp kwenye Google Drive, iPhone kwenye iCloud, na hazisomani. Ukitoka Android, tumia programu ya Move to iOS wakati iPhone ni mpya au imefutwa upya. Ukiianza kuitumia kwanza, jiandae kuifuta tena, la sivyo mazungumzo yote ya kikundi cha VICOBA yanabaki simu ya zamani.

Simu yoyote ya mtumba, bonyeza *#06#, tuma IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090 usome jibu. Kisha muuzaji aifute mbele yako. Ikiwaka na kudai akaunti ya iCloud au ya Google usiyoijua, mrudishie palepale. Hata fundi hodari hawezi kukuahidi kitu hapo.