Eafraya ya lita 8 na kitufe chake cha kukaushia nyama: tathmini baada ya miezi minne

Eafraya (air fryer, yaani chombo cha umeme kinachopika kwa kupuliza hewa ya moto) ninayoizungumzia hapa ni ya droo moja, ya lita 8 na wati 1,700, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 280,000. Jina la kampuni sitalitaja, kwanza kwa sababu duka hilohilo lilikuwa na eafraya nyingine tatu zenye umbo na vitufe vilevile, zikitofautiana nembo tu, na pili kwa sababu ninachotaka kukipima si chombo kizima bali kitufe kimoja kati ya vitufe 12 vilivyopangwa juu yake, yaani kile chenye alama ya kukaushia. Chipsi, kuku na sambusa inapika vizuri, na hilo limeshaelezwa vya kutosha na wengine. Mimi nilivutwa na picha iliyokuwa ubavuni mwa boksi, iliyoonyesha vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vilivyokauka na kung'aa kama ngozi ya kiatu kipya, vya aina ile ambayo Wamarekani huitafuna safarini na kuiita jerky. Neno hilo walilipata kutoka lugha ya Kiquechua ya milima ya Andes, ambako nyama iliyokaushwa huitwa ch'arki. Sitathubutu kulipa tahajia ya Kiswahili, kwa kuwa jeki tunayo tayari na kazi yake ni kuinulia gari, kwa hiyo nitasema nyama kavu.

Nyama kavu yenyewe si jambo geni katika eneo letu. Waluo wana aliya yao, Waborana na Wasomali hukata nyama vipande vidogo sana, wakaikausha, wakaikaanga na kuihifadhi ndani ya mafuta yake, na sisi wa pwani tumekula samaki wa ng'onda tangu utotoni. Tatizo langu ni mahali ninapoishi. Roshani ya ghorofa ya tatu jijini Dar es Salaam inapata jua la kutosha, lakini hewa yake imejaa unyevu, vumbi la barabarani na nzi, na nyama niliyowahi kuianika hapo mwaka juzi ilianza kunuka kabla haijakauka. Chombo kinachopuliza hewa yenye joto ndani ya droo iliyofungwa kilionekana kuwa jibu.

Nyama ndiyo inayoamua mengi, kwa hiyo nitaanza buchani. Kinachotakiwa ni nyama ya paja isiyo na mafuta, kwa sababu mafuta hayakauki kama nyama inavyokauka, bali hubaki yakachacha na kuharibu ladha ya vipande vyote vilivyohifadhiwa pamoja nayo. Muuza bucha wangu, ambaye amezoea kukata kila kitu vipande vya mchuzi, aliuliza akiwa ameshainua panga, "Dada, nikukatie?" Nikamwomba anipe pande zima. "Pande zima utalipikia wapi?" Nilipomweleza kwamba nataka kulikausha kwa umeme, alilifunga bila kusema neno, akaniongezea kipande cha mfupa, nadhani kwa huruma. Kilo moja ya steki ilinigharimu shilingi 14,000, na baada ya kuondoa mafuta na utando mweupe zikabaki gramu 900.

Pande hilo niliweka kwenye friza kwa saa moja na nusu, si mpaka ligande bali mpaka liwe gumu kiasi cha kutokimbia chini ya kisu, kwani nyama laini haikatiki vipande vyenye unene sawa. Unene wa milimita 5 ndio ulionipa matokeo mazuri, na sikupata faida yoyote kuzidi milimita 6. Anayependa nyama ya kutafuna kwa muda mrefu akate kwa kufuata nyuzi za nyama, na mwenye meno ya mashaka akate kwa kuzikingama. Vipande hivyo nilivilaza usiku mzima kwenye friji pamoja na vijiko vikubwa vinne vya sosi ya soya, kijiko kikubwa kimoja cha maji mazito ya ukwaju, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili manga, na kijiko kidogo cha asali. Mafuta ya kupikia hayaingii kabisa. Chumvi pia sikuiongeza, kwa maana sosi ya soya ina chumvi nyingi, na nyama inapopungua uzito chumvi yote hubaki humohumo, hivyo kilicho sawa jioni huwa kikali mno kesho yake.

Sasa nifike kwenye kitufe. Kijitabu cha maelekezo kinatumia mistari miwili tu: panga nyama, chagua alama ya kukaushia, nyuzi 70 kwa saa tatu. Mara ya kwanza nilitii. Baada ya saa moja nilivuta droo, nikachoma kipimajoto cha jikoni ndani ya kipande kinene kuliko vyote, na wakati kioo cha eafraya kilikuwa bado kinaonyesha 70, kipimajoto kilisimama kwenye 49. Nilidhani kimeharibika. Nilikitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakichemka, kikapanda hadi 100, kwa hiyo hakikuwa na hila yoyote.

Sababu ni ileile inayofanya maji ya mtungi yawe baridi hata siku ya joto kali. Maji yanayopenya na kukauka juu ya udongo huondoka na joto, na nyama mbichi yenye unyevu hufanya vivyo hivyo: kadiri feni inavyoikausha, ndivyo nyama inavyojipoza, na joto lake la ndani hubaki chini sana ya joto la hewa inayoizunguka. Kwa mtungi hiyo ni neema. Kwa nyama ni hatari, maana inakaa saa nyingi katika uvuguvugu bila kufikia joto la kuua bakteria kama Salmonella na E. coli, na unyevu unapokwisha na joto kuanza kupanda, bakteria waliobaki huwa wamekuwa sugu, kwa kuwa katika ukavu wanastahimili joto kuliko wanavyolistahimili katika majimaji. Ndiyo maana Wizara ya Kilimo ya Marekani, nchi ambako watu wengi hukausha nyama hii majumbani, inashauri nyama ya ng'ombe ifikishwe nyuzi 71 za Selsiasi, na ya kuku 74, kabla ya kuanza kukaushwa, kisha ikaushwe kwa joto lisilobadilika la nyuzi 54 hadi 60. Kijitabu kilichokuja na chombo changu hakisemi lolote kuhusu hatua hiyo ya kwanza, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote nitakayoyataja, kwa sababu mengine yanaharibu nyama tu, ilhali hili linaweza kumlaza mtu hospitalini.

Dawa yake si ngumu, na eafraya yenyewe inaiweza. Siku hizi natanguliza nyuzi 160 kwa dakika sita au saba nyama ikiwa bado na majimaji yake. Kipande cha milimita 5 ni chembamba mno kukipima kwa kukichoma, kwa hiyo nakizungusha kwenye ncha ya kipimajoto kama mtu anayefunga bandeji kidoleni, nakibana kwa koleo, nasubiri namba itulie. Ikifika 71 natoa vyote, nafuta majimaji kwa tishu za jikoni, namwaga yaliyojikusanya chini ya droo, ndipo narudisha nyama na kubonyeza kitufe cha kukaushia kwa nyuzi 60. Rangi haiwi ile nyekundu iliyoiva ya kwenye boksi, bali huelekea kwenye kahawia, na wageni wawili wameshaniuliza kama ni maini. Ladha haijapungua.

Feni nayo ina vituko vyake. Katika eafraya hii iko juu, pamoja na koili inayotoa joto, na haina kasi ya chini kwa ajili ya kukaushia, kwa hiyo inavuma kwa nguvu ileile ya kupikia chipsi. Vipande vikiwa vibichi hutulia kwa uzito wake, lakini vikishapoteza nusu ya maji vinakuwa vyepesi kama majani makavu. Siku ya pili nilisikia harufu ya kuungua nikiwa sebuleni, nikakuta kipande kimoja kimepaa, kimenasa kwenye wavu unaokinga koili na kinafuka moshi. Tangu hapo nimeacha kabisa kulaza nyama kwenye kikapu. Natunga vipande kwenye vijiti vya mishikaki kupitia ncha ya juu, kila kipande kikiachana na mwenzake kwa upana wa kidole, kisha nalaza vijiti juu ya kingo za kikapu ili nyama ining'inie. Vijiti virefu hukatwa kwanza. Kwa mpangilio huo hewa inapita pande zote mbili na hakuna haja ya kugeuza, na muda umeshuka kutoka saa tano hadi karibu saa nne.

Nafasi, hata hivyo, haiongezeki kwa ujanja wowote. Lita 8 zinasikika kuwa nyingi mpaka ukumbuke kwamba nyama haitakiwi kugusana, na ukweli ni kwamba gramu 450 zikishaingia droo imejaa. Kilo moja ya buchani ni mizunguko miwili, yaani siku nzima ya kusikiliza mvumo ambao hauzidi wa feni ya mezani lakini hauishi. Wavu wa ngazi ya pili uliokuja ndani ya boksi umebaki kabatini, kwa kuwa ukiuweka nyama ya chini inabaki mbichi huku ya juu ikiwa mbao.

Kuhusu umeme, nilisoma namba kwenye mita ya umeme ya LUKU asubuhi na jioni, nikatoa makadirio ya friji, na mizunguko yote miwili ilikula takribani yuniti 3.8, ambazo kwa bei ninayonunulia ni kama shilingi 1,350. Hiyo si gharama ya kulalamikia. Kinachouma ni umeme unapokatika katikati ya kazi, kwani chombo hakikumbuki kilipofikia, na ukirudi kinasubiri ubonyeze upya. Mara moja ulikatika saa mbili baada ya kuanza, ukakaa saa tatu, nami kwa haraka nikaihamishia nyama kwenye friji, ambayo bila shaka nayo ilikuwa imezimika. Jioni ile tulikula mchuzi wa nyama wenye ladha ya soya na ukwaju, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi.

Kujua kama nyama imekauka kunahitaji subira kidogo, kwa sababu ikiwa ya moto hudanganya kwa ulaini. Toa kipande kimoja, kiache kipoe kabisa, kisha kikunje. Kikipasuka juu na kuonyesha nyuzi nyeupe bila kukatika, kimefika. Kikikatika kama biskuti kimepitiliza, na kikijikunja bila ufa wowote rudisha nusu saa. Gramu zangu 900 zilitoa gramu 340, na nikijumlisha steki, viungo vya shilingi 2,500 na umeme, kila gramu 100 imenigharimu shilingi 5,300 hivi bila kuhesabu siku yangu.

Uhifadhi nao ulinipa funzo moja la pwani. Mzunguko wa kwanza niliuacha kwenye bakuli mezani usiku kucha ili upoe, na asubuhi vipande vilikuwa vimelainika kwa kunyonya unyevu wa hewa. Sasa vikishapoa, ndani ya saa moja huwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Siku inayofuata naichunguza: nikiona ukungu wa maji ndani ya kioo, nyama inarudi kwenye eafraya. Muda unaotajwa kwa nyama kavu ya nyumbani ni mwezi mmoja hadi miwili, lakini kwa joto letu mimi naiweka kwenye friji. Kwangu haijawahi kufikisha wiki mbili.

Usafi wa chombo ni wa wastani. Droo na kikapu vinasafishika kwa maji ya moto na sabuni, ingawa asali huacha doa linalohitaji kulowekwa. Koili ndiyo kazi. Mafuta na harufu ya soya hujikusanya huko juu, na namna pekee niliyoipata ni kugeuza chombo juu chini kikiwa kimepoa na kuchomolewa, kisha kupitisha kitambaa chenye unyevu polepole. Nilipokwepa kazi hiyo kwa wiki tatu, keki ya mtoto ikatoka na harufu ya nyama.

Kwa mwenye eafraya tayari yenye uwezo wa kushuka hadi nyuzi 60, ningesema ajaribu wiki hii hii, mradi awe na kipimajoto, ambacho ni lazima. Kwa anayetaka kununua eafraya kwa ajili ya nyama kavu peke yake, fedha hizo hazistahili, kwa sababu kikaushio cha trei tano au sita hubeba zaidi ya mara mbili ya nyama kwa mzunguko mmoja. Na anayekwenda dukani asiamini alama iliyochorwa kwenye boksi. Nyingi kati ya eafraya za bei ya chini hazishuki chini ya nyuzi 80, na kwa joto hilo nyama hupata gamba gumu nje na kubaki na maji ndani. Mwombe muuzaji achomeke chombo, bonyeza kitufe cha kukaushia, shusha joto mpaka namba igome, uangalie imegomea wapi. Halafu weka mkono karibu na tundu la nyuma usikie nguvu ya feni. Muuzaji wa duka la kwanza alinikatalia, akisema boksi likifunguliwa limeuzwa. Duka la tatu walinichomekea bila maneno, na ndiko nilikoacha fedha zangu.