PulseView na Rigol DS1054Z: kusoma analogi na dijitali pamoja bila kununua MSO

Rigol DS1054Z ni osiloskopu yenye chaneli nne za analogi. Haina chaneli ya dijitali hata moja, wala tundu la kuchomeka probu ya lojiki. Dikoda zake za ndani (vitafsiri vya mawimbi kuwa baiti) zipo, lakini husoma kilichopo kwenye skrini tu. Anayetaka kuona baiti za I2C (mawasiliano ya chipu kwa nyaya mbili, ya data na ya saa) pamoja na umbo la volti zilizozibeba ana njia mbili: anunue MSO, yaani osiloskopu yenye chaneli za dijitali pia, au aiunganishe osiloskopu hiyo na PulseView, programu ya bure ya mradi wa sigrok. Kwa basi (njia za mawasiliano kati ya chipu) zenye nyaya chache na kasi ya wastani, hii ya pili inatosha kabisa.

Kinachoipa thamani ni jambo moja. PulseView huchukua chaneli ya analogi na kuigeuza kuwa lojiki, kwa kizingiti kimoja cha volti au kwa vizingiti viwili vya Schmitt, kimoja cha kupanda na kimoja cha kushuka. Sampuli ileile inakuwa volti na inakuwa biti, kwa hiyo hakuna haja ya kulinganisha muda kati ya vyombo viwili. Dikoda ikionyesha NACK (mpokeaji hakuthibitisha baiti), unatazama juu yake palepale na kuona volti zilikuwa wapi.

Uunganishaji hauna ugumu. Chomeka waya wa LAN, soma anwani ya IP kwenye menyu ya osiloskopu, kisha kwenye kompyuta andika amri hii ya sigrok-cli, programu ya mstari wa amri ya mradi huohuo:

sigrok-cli --driver rigol-ds:conn=tcp-raw/192.168.1.20/5555 --config data_source=Memory --frames 1 -o basi.sr

Weka anwani yako badala ya hiyo, kisha fungua faili la basi.sr ndani ya PulseView. Hapo kwenye data_source ndipo wengi wanapokwama. Ukiacha Live, unapata pointi 1,200 za skrini tu. Kwa I2C ya kHz 400, ukitaka sampuli 10 kwa kila biti, hizo ni biti 120, yaani baiti 13 hivi (kila baiti ina biti 8 na moja ya uthibitisho), na ujumbe unakatika katikati. Memory husoma kumbukumbu yenyewe, na kwa hilo lazima osiloskopu iwe imesimama, siyo inaendelea kukimbia.

Piga hesabu ya kumbukumbu kabla ya kunasa. Kwa kumbukumbu ya pointi milioni 12, chaneli tatu au nne zikiwashwa, kila moja hubaki na pointi milioni 3 na kasi isiyozidi sampuli milioni 250 kwa sekunde. Hiyo ni milisekunde 12. Ukiweka milisekunde 10 kwa mraba, skrini ikiwa na miraba 12, unapata milisekunde 120 kwa sampuli milioni 25 kwa sekunde, ambazo ni nyingi kuliko I2C inavyohitaji. Usafirishaji ndio wa polepole: ombi moja hutoa pointi zisizozidi 250,000, hivyo chaneli nne zilizojaa zinahitaji maombi yasiyopungua 48. Zima chaneli usiyoihitaji.

Kwa vizingiti, chagua Schmitt. Basi ya volti 3.3 yenye rezista za kuvuta volti juu za kilo-ohm 10 na kapasitansi ya pF 200 hupanda kutoka 30% hadi 70% kwa takriban mikrosekunde 1.7, wakati kiwango cha I2C huruhusu 1 kwa kHz 100 na 0.3 kwa kHz 400. Kwenye mteremko mrefu kiasi hicho, kelele kidogo huvuka kizingiti kimoja mara mbili, na dikoda huhesabu mapigo ya saa ambayo hayapo. Weka 0.99 na 2.31, yaani 30% na 70% ya 3.3. Lakini usiridhike baiti zikisomeka vizuri. Mteremko ule bado ni kosa la saketi, na dawa yake ni rezista ndogo zaidi. Kilo-ohm 4.7 inaokoa kHz 100, haitoshi kwa 400.

Hakikisha pia swichi ya x10 kwenye probu inalingana na mpangilio wa chaneli. Zikitofautiana, volti zinakosewa mara kumi; probu ikiwa x10 na chaneli x1, kizingiti hakivukwi kamwe. Mizani ya mV 500 kwa mraba inatosha 3.3 V na kuzitumia vizuri biti 8 za kigeuzi cha analogi kuwa dijitali.

Dikoda zinapangwa moja juu ya nyingine: I2C kwanza, kisha DS1307 (chipu ya saa), na saa na tarehe vinasomeka moja kwa moja. Hapa Rigol peke yake haifikii hata kidogo.

Udhaifu upo kwenye idadi ya nyaya. SPI kamili, basi yenye CLK ya saa, MOSI na MISO za data na CS ya kuchagua chipu, hula chaneli zote nne. Ukitaka kuchunguza kama umeme wa 3.3 V unashuka wakati wa kuandika kwenye flashi, acha MISO, ubaki na CLK, MOSI na CS, kisha probu ya nne iende kwenye umeme. Kichambuzi cha lojiki cha bei nafuu chenye chipu ya CY7C68013A huongeza nyaya 8 kwa MHz 24, ila PulseView hukifungua kwenye kikao chake peke yake, bila muda wa pamoja na osiloskopu. Na triga (sharti la kuanza kunasa) ya mpangilio wa biti kwenye nyaya nyingi haitengenezwi na programu baada ya kunasa. Mwenye basi sambamba ya biti 8 na anunue MSO yenye chaneli 16.